Kigoda cha Mbao Moja

Wajukuu zangu, kabla hamjagusa nyundo, nileteeni fagio la chelewa. Hilo hilo la kufagilia uani. Lishikeni kwa mikono miwili mjaribu kulivunja katikati. Haliwezekani, hata mkikaza meno. Sasa lifungueni kamba kidogo mpitishe kisu katikati ya njiti zake, kutoka kichwani kwenda chini. Kisu kinapita bila taabu na fagio linaachana vipande viwili.

Mbao imejengwa hivyo. Mti ulipokuwa hai ulikuwa na kazi ya kupandisha maji kutoka mizizini hadi kwenye jani la juu kabisa, na ulifanya hivyo kwa mirija midogo isiyohesabika, iliyolala sambamba kufuata urefu wa shina. Katika msonobari kila mrija una urefu wa milimita chache tu na ni mwembamba kuliko unywele wenu. Mirija hiyo imegandana kwa gundi ambayo mti hujitengenezea wenyewe, iitwayo lignini. Sisi mafundi mirija hiyo tunaiita nyuzi. Ukiutazama ubao vizuri utaziona zikienda kwa urefu, mistari myeusi kidogo na myeupe kidogo, mingine imenyooka, mingine inapinda.

Leo tunaanza kutengeneza kigoda, kile cha kukalia mtu anapokuna nazi au kufua. Ni kitu kidogo, lakini mtakata, mtapasua, mtapiga randa, mtagonga misumari na kupiga msasa. Na kabla ya kila tendo nitawauliza swali moja tu: nyuzi zinaelekea wapi? Mtoto anayejua kulijibu swali hilo ameshapata nusu ya useremala. Asiyelijua atapasua mbao nyingi na kudhani kwamba mikono yake ndiyo mibaya.

Twendeni kwanza kwenye duka la mbao. Tunataka ubao wa moja kwa nane, yaani unene wa inchi 1 na upana wa inchi 8, urefu futi 4 tu. Mwenye duka atauliza ni mbao gani. Mwambieni msonobari. Mninga una rangi nzuri na mvule unadumu miaka na miaka, lakini ni migumu kwa mkono wa mtoto, na mkono ukichoka msumeno huanza kutangatanga. Msonobari ni laini, unanukia, na nyuzi zake zinaonekana waziwazi. Hapa Tanzania mwingi unatoka Sao Hill, kule Mufindi mkoani Iringa, kwenye shamba kubwa la miti la serikali. Na siku mkikutana na mchonga vinyago, mwombeni kipande cha mpingo mkitumbukize kwenye ndoo ya maji. Kitazama mpaka chini. Wekeni na kipande cha msonobari, kitaelea. Mpingo umeshikana na kujaa kiasi kwamba maji hayawezi kuubeba, na ndiyo sababu mafundi wa Ulaya wanautafuta kutengenezea klarineti. Lakini huo tuuache. Hata mtu mzima unamtoa jasho.

Msichukue ubao wa kwanza mtakaopewa. Inua ncha moja usawa wa jicho, fumba jicho la pili, utazame ubao kwa urefu wake wote. Kama umepinda utaona mara moja. Halafu tafuta vifundo, yale madoa ya mviringo yenye rangi ya kahawia. Kila kifundo ni mahali tawi lilipoota. Hapo nyuzi za shina zililazimika kulizunguka tawi, kwa hiyo zinakwenda ovyo, na kifundo chenyewe ni kigumu kuliko mbao iliyokizunguka. Msumeno ukifika hapo unaruka, na randa inang'oa vipande. Viwili vitatu vidogo si neno, ila visiwe pale mtakapokata.

Mwisho, uwekeeni ubao kiganja. Mbao mbichi ni nzito na ina ubaridi, kwa sababu maji bado yamo ndani. Maji hayo yatatoka taratibu na ubao utasinyaa. Lakini tazameni jambo la ajabu: hausinyai urefu, au husinyaa kidogo mno usiweze hata kupima. Unasinyaa upana. Mirija inakonda, haifupiki. Na hewa ikiwa na unyevu mbao hunywa tena na kuvimba. Mmewahi kuona mlango unaofunguka vizuri kiangazi, halafu masika mnausukuma kwa bega? Mlango haukurefuka hata kidogo, umetanuka ubavuni. Kwa hiyo mkinunua mbao yenye unyevu, iwekeni ndani kivulini juu ya vijiti viwili vitatu ili hewa ipite chini yake, mwiache wiki kadhaa. Najua mna haraka. Kigoda kilichotengenezwa kwa mbao mbichi huachia misumari.

Vyombo vyetu si vingi: msumeno mmoja wa mkono wenye meno madogo, randa ndogo, nyundo nyepesi, skwea ya kupimia pembe, futi kamba, penseli iliyochongwa, keekee ya kutobolea, msasa, na gundi ya mbao. Jiliwa ikiwepo ni bora zaidi. Isipokuwepo, mmoja akate na mwenziwe aukalie ubao juu ya benchi. Patasi tutaitumia siku nyingine, nami nitaishika pamoja nanyi. Vaeni viatu, si ndala. Mwenye nywele ndefu azifunge, mwenye khanga begani aitoe. Na mkono usioshika chombo daima uwe nyuma ya makali. Hili sitalirudia kwa maneno: nikiuona mkono mbele ya makali, kazi inasimama.

Sasa pimeni. Kalio la kigoda lina urefu wa sentimita 40. Kipande cha miguu miwili kina sentimita 44, nacho tutakigawa baadaye. Kipande cha mbao mbili za pembeni, zinazoshika miguu isiachane, kina sentimita 32. Jumlisheni: 116. Ubao wa futi 4 una sentimita 122 hivi, kwa hiyo tuna akiba ndogo. Msiidharau akiba hiyo. Msumeno nao unakula. Meno yake yamepindwa, moja kushoto, moja kulia, ili njia inayokatwa iwe pana kuliko bapa lenyewe, la sivyo msumeno ungekwama. Kila ukikata, milimita mbili hivi zinageuka unga. Ndiyo maana hatukati juu ya mstari. Tunakata kando yake, upande wa kipande kisichotakiwa, mstari ubaki unaonekana.

Tuanze na ncha ya ubao, kwa sababu ncha huwa imepasuka kidogo kwa jua. Chora mstari kwa skwea, sentimita 2 kutoka mwisho. Weka fundo la kidole gumba kando ya mstari, juu kidogo ya meno, msumeno uegemee hapo. Vuta nyuma. Usisukume bado, vuta tu, mara mbili tatu, mpaka kijifereji kitokee. Kisha ondoa kidole, nyoosha kidole cha shahada kufuata bapa la msumeno, na uanze kwenda mbele na nyuma kwa urefu wote wa meno.

Mjukuu wangu mmoja wa kike, mwenye miaka tisa, alipoanza aliukandamiza msumeno kwa nguvu zake zote, kama watoto wengi wafanyavyo. Ukakwama, akavuta, ukakwama tena, machozi yakamlenga. Nikamwambia aushike kwa vidole vilivyolegea, aache uzito wa msumeno ufanye kazi, yeye aupeleke tu. Sauti ikabadilika palepale. Badala ya kukwaruza kwa kushtukashtuka, ikawa mvumo mmoja mrefu, unga ukaanza kudondoka chini kwa utaratibu. Ikifika hatua hiyo usimsemeshe mtoto. Anasikia mwenyewe.

Ukikaribia mwisho punguza mwendo, na mtu akishike kipande kinachokatwa. Kikiachwa kianguke kwa uzito wake, nyuzi za mwisho hazikatiki bali zinang'oka, na kipande kinaondoka na kibanzi kirefu kutoka kwenye mbao unayoitaka.

Kile kipande cha sentimita 2 msikitupe. Kina urefu wa sentimita 20, lakini nyuzi zake zinakwenda kwa ufupi, kutoka ubavu hadi ubavu. Shikeni ncha zake mbili mkipinde. Tah! Kimevunjika, hata mdogo wenu wa chekechea angeweza. Sasa nitawapasulia kijiti chenye unene uleule, ila nyuzi zikienda kwa urefu wake. Pindeni. Kinapinda, kinarudi, kinapinda, kinarudi. Ni mbao ileile, ya mti uleule. Tofauti yake ni upande nyuzi zinakoelekea.

Hii ndiyo siri wanayoijua mafundi wa majahazi wa Nungwi kule Unguja na wa Matondoni kule Lamu. Jahazi lina mbavu za ndani zilizopinda, zinazoitwa mataruma, na ndizo zinazolipa umbo. Ungeweza kuchukua ubao mpana ulionyooka ukakata taruma lililopinda kwa msumeno. Lingependeza kwa macho, lakini pale penye pindo nyuzi zingekatwa zikawa fupi, na wimbi la kwanza kubwa lingelivunja kama mlivyovunja kile kipande. Kwa hiyo fundi hutafuta mti au tawi lililoota likiwa limepinda tayari. Hulitazama, hulipima kwa jicho, kisha hulichonga kwa tezo, na nyuzi zinafuata pindo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mti wenyewe uliliota pindo lile kwa miaka. Mimi nikipita chini ya mti siku hizi siangalii matunda tu, naangalia na matawi, nikiwaza hili lingefaa nini.

Haya, miguu yetu. Nyuzi ziende wapi? Wima, kutoka kwenye kalio kwenda sakafuni. Mkikosea mkazilaza, mguu utapasuka siku shangazi yenu atakapokalia. Sasa, miguu inatakiwa kuwa myembamba kuliko kalio, kwa sababu mbao za pembeni zitaishika kwa nje, moja huku na moja huku, na kila moja ina unene wa sentimita 2.5. Kalio lina sentimita 20. Toa unene wa mbao mbili, unabaki na 15. Huo ndio upana wa mguu. Ubao wenu ukiwa mwembamba au mpana kidogo, fanyeni hesabu hiyohiyo kwa vipimo vyenu.

Kwa hiyo kile kipande cha sentimita 44 tunakipasua kwa urefu na kutoa ukanda wa sentimita 5. Kupasua hakufanani na kukata. Mnapokata, meno yanazikatiza nyuzi moja moja. Mnapopasua, msumeno unasafiri pamoja nazo, na nyuzi zikienda mshazari zinauvuta kwao. Mtaona mstari wenu uko hapa na msumeno unakwenda kule. Msibishane nao kwa kuuzungusha kwa nguvu, rudini nyuma kidogo, mlaze msumeno, mwendelee taratibu. Fundi mwenye karakana huwa na msumeno wa kupasulia wenye meno makubwa machache. Sisi tuna huu mmoja, utatufikisha ila utachelewa. Pokezaneni. Ukanda ule wa sentimita 5 uwekeni pembeni. Kisha kateni kipande katikati mpate miguu miwili, na kile cha sentimita 32 mkipasue katikati mpate mbao mbili za pembeni.

Randa sasa, nami nikiri kwamba hapa ndipo napapenda kuliko pote. Kazeni mbao moja ya pembeni, ukingo juu. Itazameni kwa ubavu. Mnaziona nyuzi zinapanda kidogo kuelekea upande mmoja? Randa iende upande zinakopanda. Sukumeni. Maranda yanatoka mepesi, yanajiviringa, mengine membamba hadi mwanga unapita, na mbao nyuma yake inang'aa. Sasa igeuzeni mbao, mrudie kinyume. Mnasikia? Inagonga, inakwaruza, inaacha vidonda. Makali yameingia chini ya nyuzi na kuziinua badala ya kuzilaza. Mkisikia sauti hiyo geuzeni mbao, msiongeze nguvu. Na makali yawe makali kwelikweli. Chombo butu ndicho kinachojeruhi watoto, kwa sababu kinataka nguvu, na nguvu ikiteleza haijui inakwenda wapi.

Tunaunganisha. Simamisheni miguu miwili, pakeni gundi kidogo kwenye kingo zake, lazeni mbao ya pembeni juu yake. Misumari ni ya inchi 2: nusu ndani ya mbao ya pembeni, nusu ndani ya mguu. Lakini tunagonga karibu kabisa na mwisho wa mbao, na hapo ndipo mbao hupasuka. Ncha kali ya msumari inapenya katikati ya nyuzi na kuzisukuma kando, kama mlivyofanya kwa kisu kwenye lile fagio. Kuna dawa mbili. Ya kwanza, toboeni tundu dogo kwa keekee, jembamba kuliko msumari. Ya pili wanaijua mafundi wa zamani: uweke msumari kichwa chini juu ya chuma, uigonge ncha yake mpaka iwe butu. Utashangaa kwamba msumari butu haupasui. Unazivunja nyuzi zilizo mbele yake na kujichimbia njia, hauziachanishi. Jaribuni yote mawili kwenye vipande vilivyobaki, mwone kwa macho.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na dawa ya tatu, nayo ni kutotumia misumari. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye visiwa vya Lamu palikuwa na chombo kiitwacho mtepe, mbao zake zote zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Fundi alitoboa matundu kwa keekee ya uta, akapitisha kamba, akakaza, akaziba. Chombo hicho kilibeba shehena baharini kwa tanga la mkeka.

Tuendelee. Misumari miwili kila mwisho wa kila mbao ya pembeni, jumla minane. Isipangwe kwenye mstari mmoja, mmoja uende kulia kidogo, mwingine kushoto, ili usitenganishe nyuzi zilezile mara mbili. Shikeni nyundo karibu na mwisho wa mpini. Mdogo asiyeaminiwa bado na kidole chake aushike msumari kwa koleo au auchomeke kwenye kipande cha boksi gumu, alishike boksi.

Kalio sasa. Tuligongelee wapi? Watoto wengi hunionyesha miguu, kwa kuwa ndiyo inayobeba. Hapana. Vichwa vya miguu ni mahali nyuzi zinapoishia, na msumari ukiingia hapo unalala sambamba na nyuzi. Zinaushika kidogo tu, na baada ya miezi kalio linachomoka. Gongeleeni kwenye kingo za mbao za pembeni, ambako msumari unazikatiza nyuzi nazo zinaubana. Mitatu upande huu, mitatu ule, na kalio lizidi sentimita 4 kila mwisho.

Kiwekeni kigoda mahali palipo sawa. Kinayumba? Vingi vinayumba mara ya kwanza. Tafuteni mguu mrefu, mtie alama, mpunguze kwa randa. Na kwa kuwa ni kichwa cha mbao, msipige randa moja kwa moja hadi ng'ambo, maana nyuzi za ukingoni hazina kitu nyuma yake, zitabanduka. Pigeni kutoka kila upande mkiishia katikati.

Msasa ni wa kila mtu, hata aliye mdogo kabisa. Anzeni na namba 80, mmalizie na 120, mkifuata nyuzi. Mkienda kinyume, michubuko itaonekana kila mtu akitazama. Lainisheni zaidi kingo za kalio, paja linapogusa. Fungeni kitambaa puani, unga wa mbao si wa kuvuta.

Mwisho ni mafuta ya kitani, mkono mwepesi, mara mbili, siku tofauti. Kitambaa mlichopakia msikikunjekunje mkakiacha pembeni, kwa sababu mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofumbatwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandazeni nje kwenye kamba mpaka kikakamae, au kitieni kwenye maji.

Umebaki ule ukanda wa sentimita 5 kwa 44, na nimeshasikia mnaugombania. Msiukate vipande. Pigeni randa ukingo wake mmoja unyooke, mjaribu unyoofu wake kwa jicho moja kama tulivyofanya dukani, kisha mchukue penseli kali mtie alama kuanzia 0 hadi 40. Mtakuwa mmejitengenezea rula. Wiki ijayo tutaihitaji kupimia kisanduku chenye kifuniko, na mbao zake nimekwisha kuzilaza ukumbini juu ya vijiti.